Marehemu Anasikika Kuliko Aliye Hai: Uzoefu Wangu na "...And Justice for All" ya Metallica

Albamu ya nne ya Metallica, iliyotoka mwaka 1988, ndiyo albamu kamili ya kwanza ambayo bendi hiyo ya heavy metal (roki nzito ya magitaa yenye kelele) ilirekodi baada ya kufiwa na mpiga gitaa lake la besi, Cliff Burton. Nimeisikiliza kwa miaka mingi, kwa santuri, kwa kanda na kwa programu za simu, na tathmini hii naiandika kwa ajili ya msikilizaji anayejiuliza kama inastahili saa moja na dakika tano hivi za muda wake. Kwa maoni yangu inastahili, lakini ni vyema aijie akijua kwamba haombolezewi mtu hapa kwa namna iliyozoeleka. Anayetarajia nyimbo za huzuni atakuta hasira kavu, nyimbo ndefu zenye kona nyingi, na sauti iliyokaushwa mpaka inakera.

Burton alifariki alfajiri ya tarehe 27 Septemba 1986 nchini Uswidi, basi la bendi lilipopinduka wakati wa ziara ya albamu ya "Master of Puppets". Alikuwa na umri wa miaka 24. Asiyejua uzito wa pengo lile na asikilize kwanza "Orion", wimbo usio na maneno kutoka albamu hiyo ya 1986, ambamo gitaa la besi linaacha kazi yake ya kawaida ya kubeba mdundo na kuanza kuimba lenyewe. Burton alikuwa amesoma nadharia ya muziki na alimpenda Bach, mtunzi wa kale wa Kijerumani, na ule mpangilio wa sauti zinazofuatana na kuitikiana katika kazi za mwanzo za Metallica una alama zake nyingi. Wenzake hawakukaa matanga muda mrefu. Kabla mwezi wa Oktoba haujaisha walikuwa wamempata mpiga besi mpya, Jason Newsted, kutoka bendi ya Flotsam and Jetsam, na mwezi uliofuata walikuwa wamerudi jukwaani. Haraka hiyo, nadhani, ndiyo inayoeleza mengi ya yale yanayosikika humu.

Jambo la kwanza ambalo kila msikilizaji huliona ni kwamba besi ya Newsted haisikiki. Si kwamba imepunguzwa kidogo. Ukisikiliza kwa spika za kawaida unaweza kuapa kwamba bendi ina watu watatu. Albamu ilirekodiwa Los Angeles katika miezi ya mwanzo ya 1988 pamoja na mtayarishaji Flemming Rasmussen, kisha kazi ya kuchanganya sauti ikafanywa na Steve Thompson na Michael Barbiero, huku James Hetfield, mwimbaji na mpiga gitaa, na Lars Ulrich, mpiga ngoma, wakiwa na neno la mwisho. Thompson amesema hadharani kwamba aliagizwa na Ulrich aishushe besi. Sababu nyingine ni ya kiufundi na haina siri yoyote: Newsted alifuata mapigo ya gitaa la Hetfield noti kwa noti, na gitaa lenyewe lilirekodiwa likiwa limejaa chini na kuchongoka juu, kwa hiyo eneo ambalo besi ingekaa lilikuwa tayari limechukuliwa. Ngoma nazo ni kavu, na dramu ya mguu inagonga kama kucha juu ya meza.

Wapo wanaosema kwamba ukimya huo ni maombolezo, kwamba bendi iliacha kiti cha marehemu wazi kwa makusudi. Ni tafsiri nzuri, na inavutia zaidi kwa kuwa hakuna anayeweza kuithibitisha wala kuikanusha kikamilifu. Mimi siikubali. Kiti hakikuwa wazi: alikuwamo mtu aliyeajiriwa, aliyepiga kwa bidii, ambaye jina lake limo miongoni mwa watunzi wa "Blackened", wimbo unaofungua albamu. Newsted mwenyewe na wenzake wameeleza mara nyingi jinsi alivyotaniwa na kutengwa katika miaka yake ya mwanzo ndani ya bendi. Kumnyamazisha aliye hai hakumpi heshima aliyekufa. Ninachosikia mimi ni watu wachanga waliofiwa, wasiojua la kufanya na majonzi yao, ambao waliyageuza kuwa kazi, na kazi hiyo wakaifanya kwa ukali uliompata pia yule aliyekuja kuwasaidia.

Burton mwenyewe anapatikana katika wimbo wa nane, "To Live Is to Die", na hapa ndipo ninapomshauri msikilizaji atulie. Unakaribia dakika kumi, na sehemu zake zimejengwa kwa vipande vya muziki alivyoviacha. Jina lake limeandikwa miongoni mwa watunzi. Unaanza kwa gitaa lisilo la umeme, taratibu, kisha ghafla linaingia pigo zito linalokokota miguu, polepole kuliko karibu kila kitu kingine katika albamu. Pigo hilo linarudiwa mpaka msikilizaji asiye na subira anatafuta kitufe cha kuruka mbele. Asiruke. Katikati uzito wote unaondoka, magitaa yanabaki yakipanda na kushikana kama vinanda, na kwa muda mfupi unasikia bendi ileile iliyotengeneza "Orion", ikiwa imepungua mtu mmoja. Baadaye Hetfield anatamka, bila kuimba, mistari michache tu iliyoandikwa kwa jina la Burton, kuhusu uongo na kuhusu kuchoka kuishuhudia dunia. Hakuna kwaheri wala jina la marehemu. Kisha pigo zito linarudi kana kwamba hakuna kilichosemwa. Wimbo huu bendi haikuupiga mzima jukwaani hadi Desemba 2011, katika sherehe zake za miaka 30 huko San Francisco, na kwangu mimi kuchelewa huko kunaeleza zaidi kuliko nadharia zote za besi.

Nyimbo nyingine nitazipitia kwa haraka. "One", kuhusu askari aliyepoteza mikono, miguu, macho, masikio na sauti akabaki na akili yake, ni bora ukiilinganisha na muziki wowote wa zama zile, na ndiyo iliyowapa tuzo ya Grammy mwaka 1990. "Dyers Eve" ni shambulio la kasi dhidi ya wazazi. "Harvester of Sorrow" inafaa kwa anayetaka kuanza na kitu chepesi kukishika. Wimbo uliobeba jina la albamu, unaolaani mahakama zinazonunuliwa, una mawazo ya kutosha nyimbo tatu na ungekuwa bora kama ungekuwa mmoja. Wenyewe waliuacha nje ya maonyesho yao tangu 1989 hadi 2007. "The Frayed Ends of Sanity" na "Eye of the Beholder" zina urefu usio na sababu.

Kuhusu toleo la kununua, msikilizaji asidanganywe na maandishi ya "imesafishwa upya" kwenye toleo la 2018. Sauti imesafishwa, lakini uwiano wa vyombo haukuguswa, na besi imebaki palepale ilipozikwa. Nadhani uamuzi huo ulikuwa sahihi, ingawa masikio yangu yanalalamika, kwa kuwa albamu iliyorekebishwa ingekuwa ya watu wengine, wenye amani zaidi. Anayetumia santuri atafurahia kwamba nyimbo zimegawanywa katika sahani mbili, jambo linalompa nafasi ya kupumua. Anayetumia simu avae spika nzuri za masikioni na asiongeze nguvu za sauti za chini, kwani ataongeza gitaa na dramu tu. Na anayetaka kumtendea haki Newsted atafute rekodi ya onyesho la Seattle la mwaka 1989, iliyotolewa mwaka 1993 ndani ya mkusanyo wa "Live Shit: Binge & Purge". Nyimbo kadhaa za albamu hii zimo, kasi ni kubwa zaidi, na mtu wa nne anasikika waziwazi akizisukuma kutoka chini.