Uzoefu wangu na PhET: kufundisha umeme Lubumbashi bila intaneti darasani

Kwa mwalimu wa fizikia ambaye maabara yake ni kabati lenye betri mbili na vipande vya waya, PhET ni msaada mkubwa, tena ni bure. Ni simulesheni, yaani majaribio ya sayansi yanayoigwa kwenye skrini, kutoka Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani. Mradi ulianzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2001. Nimezitumia na wanafunzi wa sekondari hapa Lubumbashi kwa masomo ya umeme, mwendo wa kitu kilichorushwa, na pH (kipimo cha uasidi).

Usiende darasani ukitegemea mega. Kila simulesheni ya kisasa hupakuliwa kama faili moja ya .html, kisha inafanya kazi bila mtandao wowote. Jina la faili likiishia na _fr, ni la Kifaransa. _sw ni la Kiswahili, pale tafsiri ilipo. Mimi nachukua la Kifaransa, kwa sababu Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, inauliza kwa maneno tension (volti) na intensité (ampea), halafu maelezo natoa kwa Kiswahili. Ukimaliza kupakua, zima data na ufungue faili hapo hapo nyumbani ili uhakikishe. Kwenye simu za Android shida inayorudi mara nyingi ni ukurasa mweupe: simu imefungua faili kwa kisomaji chake cha HTML. Rudi kwenye faili, chagua "fungua kwa", kisha Chrome. Chrome ikiwa ya zamani sana, badilisha simu, usipoteze dakika za somo. Faili linapita vizuri kwa Bluetooth au flash, na simu moja inatosha wanafunzi watano.

Ninayoitumia kuliko zote ni Circuit Construction Kit: DC, ya kuunga saketi za umeme. Betri inakuja na volti 9, balbu ina ukinzani wa ohm 10, kwa hiyo balbu moja inapitisha ampea 0.9. Kabla ya kuunga balbu ya pili mfululizo, waandike kwanza wanachokisia. Wengi huandika kwamba balbu ya kwanza "inakula" umeme na ya pili inabaki na kidogo. Weka ammita kabla ya balbu ya kwanza, katikati, na baada ya ya pili: mara tatu inasoma 0.45. Hapo ubishi unakwisha, na ni vigumu kuupata usahihi huo kwa balbu za tochi, maana hazifanani kabisa.

Angalieni viungo. Ncha mbili za waya zinaweza kukaribiana sana kwenye skrini ndogo na zisiwe zimeungana, na mwanafunzi anasema balbu imeharibika. Vuta waya: kiungo kikishikana, vitu viwili vinasogea pamoja. Kukitenganisha, gusa kiungo, mkasi utatokea.

Sasa kasoro ambayo ndiyo inaleta somo zuri. Betri ya simulesheni, ukiiacha ilivyo, ni kama haina ukinzani wa ndani. Ukiunga balbu mbili sambamba, kila moja inabaki na 0.9 na mwanga haupungui. Lakini mtoto anajua kwamba jioni, mtaa mzima ukiwasha, taa za nyumbani zinafifia. Fungua mipangilio ya ziada, sogeza ukinzani wa betri hadi ohm 2. Balbu moja sasa inapata ampea 0.75, unga ya pili sambamba, kila moja inashuka hadi karibu 0.64. Fanya hesabu ubaoni kwanza: balbu mbili za ohm 10 sambamba ni ohm 5, kwa hiyo 9 ÷ (5 + 2) = 1.29, gawa kwa mbili. Halafu waone mwanga ukipungua mbele ya macho yao.

Ukigusisha nguzo mbili za betri kwa waya mtupu, moto unatokea kwenye skrini na watoto wanafurahi. Sema hapo hapo kwamba betri ya simu ikifanyiwa hivyo inaweza kuwaka kweli. Na ammita ikiungwa sambamba na betri, moto ni ule ule. Kwenye multimita halisi ni fyuzi inayokatika.

Kuna nyingine, Resistance in a Wire, nzuri kwa R = ρL/A (ukinzani wa waya; ρ ni ukinzani mahususi wa kitu chenyewe, L urefu, A eneo la mkato wake): herufi zinakua na kupungua kadiri unavyosogeza vitelezi. Lakini hapa kwetu, mji wa shaba, usiache bila onyo. Kiwango cha chini cha ρ humo ni 0.01 ohm·cm. Cha shaba ni karibu 0.0000017, yaani mara elfu sita chini yake. Mwanafunzi akiamini kwamba waya ule ni wa shaba, amejifunza uongo. Mimi nawaambia wahesabu wenyewe mita 100 za waya wa shaba wa milimita mraba 1.5: inatoka ohm 1.1 hivi.

Ile ya mzinga, Projectile Motion, inahitaji jambo moja kwanza: shusha mzinga hadi urefu 0. Usiposhusha, nyuzi 30 na nyuzi 60 hazitafika mahali pamoja, na sheria kwamba pembe hizo mbili hufika umbali sawa itaonekana imekosea. Zima pia ukinzani wa hewa.

pH Scale ni ya kutumia kwa uangalifu. Ukimimina maji hadi ujazo uwe mara kumi, maji ya machungwa yanatoka 3.5 hadi 4.5, kwa sababu inahesabu kuchanganya na maji tu. Asidi ya machungwa ni dhaifu. Kwa kweli pH yake haipandi kipimo kizima. Kwa darasa linaloanza logarithimu inatosha. Ukifika kwenye asidi dhaifu na bafa (myeyusho ambao pH yake haibadiliki kirahisi), ifunge, tumia karatasi ya pH na ndimu.