Nimekwenda Genoa kuitazama fidla ya Paganini

Kazi yangu ni kutafsiri, Kiingereza kwenda Kiswahili, na safari hii ilianzia kwenye sentensi moja. Mteja alinipa makala ya muziki inayosema kwamba Giovanni Bottesini alikuwa "the Paganini of the double bass". Nikaandika "Paganini wa dabal besi", nikatuma; dabal besi ni kile chombo kikubwa cha nyuzi chenye sauti nzito. Kesho yake ikarudi na swali pembeni: msomaji wetu atajuaje Paganini ni nani? Nikakosa jibu, maana na mimi nilikuwa namjua kwa jina tu. Naishi Torino, na treni ya Genoa ni mwendo wa kama saa mbili, basi nikamfuata mpiga fidla huyo kwao.

Fidla yake iko Palazzo Tursi, mtaa wa Via Garibaldi, jumba ambalo ndilo pia ofisi ya manispaa. Tiketi moja inakuingiza majumba matatu, na mawili mengine, Rosso na Bianco, yamejaa picha za kuchora. Wapenzi wa picha watapata raha yao huko. Mimi nilipita mbio, kwani kilichonileta kiko Tursi ndani ya kabati la kioo: fidla iliyotengenezwa na Giuseppe Guarneri huko Cremona mwaka 1743. Paganini aliiita Cannone, yaani mzinga, kwa jinsi sauti yake inavyonguruma. Alipofariki mwaka 1840 akaurithisha mji huu aliozaliwa mwaka 1782.

Ukifika, inama. Tazama pale kidevu kinapokaa: vanishi imelika, mbao imebaki wazi. Paganini hakutumia kile kibao cha kuegemezea kidevu. Marehemu baba yangu alikuwa mpiga fidla wa taarabu Tanga, na yake ilikuwa na doa mahali palepale, japo kila siku alitandika leso nyeupe. Nilijikuta nimesimama pale hadi miguu inauma. Watu wa zama za Paganini walinong'ona kwamba amepatana na shetani, maana hawakuelewa binadamu anawezaje kupiga vile, na hata kumzika kulikuwa na mzozo, kanisa likikataa. Doa lile linaeleza vizuri zaidi. Hiyo ni kazi ya mikono na shingo, miaka kwa miaka.

Ndipo nikaielewa ile sentensi. Waingereza walimsikia London mwaka 1831, na jina lake likaingia kwenye lugha yao likiwa limebeba ule mshangao. Ukimwita mtu Paganini wa chombo fulani, unasema amekifanyisha mambo ambayo watu waliamini hayawezekani. Tena jina linahama chombo: laweza kuwa la dabal besi, la gita, la zumari. Ila huwezi kusikia "Paganini wa fidla", kwa sababu fidla tayari imo ndani ya jina. Na mtu akijishusha husema "mimi si Paganini", akiwa na maana kwamba anapiga kiasi chake tu. Sisi tunalo jambo hilihili uwanjani: kijana akiwapiga chenga mabeki wanne anaitwa Pele wa mtaa, na hakuna anayeuliza Pele ni nani.

Bottesini alilistahili jina hilo. Lile dude refu la kupigwa kwa kusimama, ambalo kwenye okestra huachiwa kunguruma nyuma, yeye alilifanya liimbe kama mwanamke. Ndiye pia aliyeongoza okestra opera ya Aida ilipooneshwa mara ya kwanza, Cairo, Desemba 1871.

Karibu na Cannone kuna fidla iliyonakiliwa kutoka kwake na Vuillaume wa Paris, ambayo ilikuwa ya Camillo Sivori, mwanafunzi wa Paganini. Zilinganisheni.

Lalamiko langu ni moja, na haliwahusu makumbusho. Nilikodi kwa watu wa barabarani kifaa cha masikioni chenye maelezo ya Kiingereza, na kikaniambia Paganini ndiye aliyeitengeneza Cannone. Kosa hilo lilinikera sana, maana wageni wengi wataondoka nalo. Okoeni hela zenu, someni vibao vya ukutani. Na kabla ya kusafiri, ulizeni kama fidla iko mahali pake: huwa inatolewa kupigwa, na mshindi wa shindano la Paganini la hapo Genoa hupewa heshima hiyo.

Nyota tano, na nitarudi na mama.

Kwenye treni ya kurudi niliandika upya: "Paganini aliipiga fidla hadi watu wakadhani ana jini. Bottesini alikuwa Paganini wa dabal besi." Mteja ameipokea bila swali.