Kufuli la TSA na zipu ya begi: maoni ya fundi

Makufuli madogo ya namba yenye alama ya almasi nyekundu, yale yanayoitwa ya TSA kwa jina la mamlaka ya usalama wa usafiri ya Marekani, nimeyashika mengi, maana kazi yangu ni kutengeneza mabegi. Naletewa masanduku yaliyong'oka matairi, mipini iliyokwama, zipu zilizoachia katikati, na mara nyingi kufuli bado linaning'inia palepale lilipofungwa, zima kabisa, kana kwamba halikuhusika na chochote kilichotokea. Kwa wanaoniuliza kama lina faida kwa begi linaloingia tumboni mwa ndege, nalipatia nyota tatu kati ya tano. Nyota mbili lililozikosa limeponzwa na zipu.

Kwanza kufuli lenyewe. Chagua lenye waya wa chuma uliovikwa plastiki, uache lenye upinde mgumu. Upinde mgumu hujitokeza nje, na begi likipita kwenye mikanda ya uwanja wa ndege hunasa konani. Kinachokatika hapo si kufuli, ni kile kivutio cha kichwa cha zipu, na vivutio vya namna hiyo ndivyo vinavyonipa kazi msimu wa safari. Waya hujipinda ukafuata begi.

Angalia pia magurudumu ya namba. Namba tatu ni michanganyiko 1,000, idadi ambayo mtu mvumilivu anaweza kuimaliza, lakini kufuli baya halimpi hata taabu hiyo. Yale yaliyolegea, ukivuta waya kidogo huku unazungusha, kidole chenyewe kinahisi gurudumu linaponasa. Kabla ya kununua, fanya hivyo hivyo palepale dukani. Likikuambia siri yake mikononi mwako, litamwambia na mwingine. Mengine yana kidirisha kidogo kinachobadilika rangi kufuli likifunguliwa kwa ufunguo wa wakaguzi. Hayo ndiyo nayapendelea, na sababu itaonekana mbele.

Ufunguo wa wakaguzi ndio uliozaa makufuli haya. Kuanzia Januari 2003 kila begi linalopakiwa kwenye ndege za abiria Marekani lilitakiwa kuchunguzwa kama lina vilipuzi, na kufuli la kawaida lilikuwa linakatwa tu. Ndipo ukaja mfumo wa Travel Sentry, ule wa almasi nyekundu: tundu dogo la ufunguo, pembeni yake maandishi kama TSA007, na mkaguzi ana ufunguo mmoja unaofungua makufuli yote ya namba hiyo. Novemba 2014 gazeti la Washington Post lilichapisha picha ya funguo hizo zikiwa zimetandazwa, na mwaka 2015 watu wakachora nakala zake kwa ajili ya printa za 3D na kuzisambaza intaneti. Kwa hiyo ufunguo huo si siri tena. Tena hata pale unapotakiwa, si kila nchi wakaguzi wake wanazo funguo hizo. Wasipokuwa nazo, wanakuita au wanakata.

Wengi wakisikia habari ya funguo hukasirika na kutaka kutupa kufuli. Mimi hainisumbui. Mwenye nia mbaya hahangaiki na funguo wakati ana kalamu mfukoni.

Chukua begi lako lenye zipu ya kawaida ya nailoni, ile ambayo meno yake ni uzi mgumu uliojisokota. Funga vichwa viwili vya zipu kwa kufuli. Sasa chukua kalamu ya wino, weka ncha yake katikati ya meno, sukuma. Zipu inaachia, begi linafunguka kama mdomo, na kufuli liko palepale. Halafu inakuja sehemu ambayo wateja wangu hawaipendi: shika vile vichwa viwili vilivyofungwa pamoja, vikokote mzunguko mzima mpaka upande wa pili na kuvirudisha. Meno yanajifunga upya. Hakuna alama, hakuna mkwaruzo, kufuli halijaguswa. Mwenye begi atalivuta kutoka kwenye mkanda akiwa na amani, afike anakokwenda, na hapo ndipo atakapogundua kamera haipo. Akirudi kulalamika ataulizwa: una uhakika uliipakia?

Kwa hiyo mimi sipimi kifaa cha kulinda begi kwa kuuliza kama kitamzuia mwizi. Begi hukaa mbali na macho yako kwa saa nyingi, mikononi mwa watu usiowajua, na kitambaa chake kinapasuka kwa kisu. Napima kwa swali jingine: begi likifunguliwa, nitajua kabla sijatoka uwanja wa ndege? Kufuli linaloning'inia linashindwa mtihani huu, hata liwe la chuma kiasi gani, kwa sababu linaviacha vichwa vitembee.

Kichwa kisichotembea ndio utatuzi, na una njia mbili.

Ya kwanza ni begi lenye kufuli lililojengewa ubavuni, ambapo vivutio vya zipu vinaingizwa kwenye matundu na kubanwa. Kalamu bado itaifungua zipu, hilo halikwepeki, lakini aliyeifungua hawezi kuifunga tena, kwa kuwa vichwa vimefungwa kwenye mwili wa begi. Utakuta zipu imeachama, na utakuwa bado uko mbele ya dawati la mizigo. Nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu kufuli la namna hii likivunjika ni kazi: kila kiwanda kina matundu yake na vipuri havilingani. Mara nyingine namwambia mteja nitaling'oa niweke bamba, asiponipa ruhusa namrudishia begi lake.

Ya pili ndiyo ninayoitumia mwenyewe, na nyota zote tano ziko hapa: sili za plastiki zenye namba. Ni zile kamba za kujibana zinazofungiwa magari ya mizigo, kila moja ina namba yake isiyojirudia kwenye pakiti. Unapitisha sili kwenye vichwa vyote viwili na kwenye kitu kisichosogea cha begi, pete ya chuma au shina la mpini, unavuta, unapiga picha namba ionekane. Wakaguzi wakitaka kufungua wanakata, hawaharibu kitu. Ukifika, unalinganisha namba. Imekatika, au namba ni nyingine, begi limefunguliwa. Sasa fungua hapohapo ukague. Mara nyingi utakuta ni mkaguzi tu, na ukipita Marekani huenda akawa amekuachia karatasi ndani inayosema hivyo. Ndiyo maana nasifu na kile kidirisha cha rangi kwenye makufuli: kinajaribu kukupa habari hiyohiyo.

Usibadilishe sili kwa kamba nyeusi za mafundi umeme ukadhani ni kitu kimoja. Kile kiulimi kinachobana kinasukumwa kwa sindano na kamba inafunguka nzima. Na hata ikikatwa, nyeusi nyingine kama hiyo iko kila mahali. Namba ndiyo dawa. Chukua za kukatika kwa kuvutwa na mkono, usije ukafika ukatafuta mkasi, na weka za akiba kwenye begi la mkononi.

Begi lisilo na pete ya kufungia, peleka kwa fundi akushonee kitanzi cha utepe mnene karibu na pale vichwa vinapokutana. Ni mishono michache, mashine yoyote ya ngozi inaweza. Na ukibadilisha zipu iliyochoka, muulize kama ana yenye tabaka mbili za meno. Hiyo kalamu haiipenyi kirahisi, na inagharimu zaidi kwa haki.

Kuzungushiwa nailoni uwanjani kunapata nyota mbili. Ina sifa ya kuonyesha wazi kuwa imekatwa, na begi kuukuu lenye zipu inayotishia kuachia inalishikilia mpaka mwisho wa safari. Basi. Mkaguzi akikata njiani, hakuna anayezungusha upya, na anayekata kwa wembe haangalii ngozi iliyo chini yake. Mikwaruzo hiyo naijua. Matairi nayo yakifunikwa hovyo utalibeba begi badala ya kulivuta. Yale mavazi ya kitambaa cha kuvutika yanayovikwa begi yanazuia vumbi.

Masanduku magumu yasiyo na zipu kabisa, yenye fremu na makomeo mawili au matatu, ndiyo mazuri kuliko yote kwa mtu anayebeba vifaa vya kazi. Kalamu haina pa kuingia. Lakini ni mazito, na uzito wa sanduku unakula kilo zako 23 kabla hujaweka nguo. Hayapanuki. Na fremu ikigongwa konani ikapinda, komeo halifiki tena kwenye tundu lake; hapo napiga nyundo ya mpira kwa dua. Nyota nne kwa aliyejua anachonunua, mbili kwa anayependa kukalia begi ili lifunge.

Vifaa vya kufuatilia begi, kama AirTag ya Apple iliyotoka 2021, ni habari tofauti na watu wanavichanganya na ulinzi. Havikuambii begi limefunguliwa. Vinakuambia liko wapi, mradi kuna simu za watu jirani za kupokea ishara. Betri yake ya CR2032 ni ndogo kiasi cha kuruhusiwa kwenye mzigo, tofauti na chaja za kubebeka za simu, ambazo hazitakiwi kabisa kwenye begi la chini. Tangu mwishoni mwa 2024 mwenye iPhone anaweza kulitumia shirika la ndege kiungo cha kuona mahali begi lilipo, na mashirika makubwa kadhaa yanakipokea. Kifiche chini ya bitana, si mfuko wa nje. Begi likiletwa kwangu bitana imelegea, huwa naacha upenyo mdogo hapo kwa makusudi kama mteja ameomba.

Kuna hatari moja ambayo kufuli, sili na nailoni vyote haviigusi. Machi 2023 wanawake wawili kutoka Brazil walikamatwa Frankfurt kwa sababu lebo za mabegi yao zilibanduliwa katika uwanja wa Guarulhos, São Paulo, zikabandikwa kwenye mabegi yenye kokeini. Walikaa kizuizini zaidi ya mwezi mmoja kabla picha za kamera za uwanja hazijasaidia kuwatoa. Tangu nilipoisoma habari hiyo nawaambia wateja: begi likiwa juu ya mizani, piga picha moja inayoonyesha begi, lebo na kilo. Bandua lebo na vistika vya safari za zamani pia, mashine ya kusoma mistari isije ikasoma safari ya mwaka jana. Kile kipande cha lebo wanachokubandikia kwenye pasi kina namba ya tarakimu kumi. Ndiyo begi lako hilo katika kompyuta zao: tangu Juni 2018 azimio namba 753 la IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, linataka mashirika wanachama yarekodi begi linapopokelewa, linapopakiwa, linapohamishwa na linaporudishwa kwa mwenyewe. Usitupe kipande hicho mpaka umelifungua begi na kulikagua.

Ukikuta sili imekatika na kitu hakipo, au ganda limepasuka, nenda dawati la mizigo kabla ya kutoka, uandikiwe PIR, yaani ripoti ya mzigo wenye tatizo, yenye namba. Wateja wengi hunijia na begi lililovunjwa, wameshafika nyumbani, hawana karatasi hata moja, wanataka niwaandikie kuwa limeharibikia safarini. Siwezi, sikuwepo. Kwa safari za kimataifa zilizo chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, malalamiko ya uharibifu yanatakiwa kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu upokee begi. Begi lililochelewa, siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Ukomo wa fidia tangu 28 Desemba 2024 ni SDR 1,519, kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), na ni kwa abiria, si kwa begi. Mwenye kitu cha thamani zaidi anaweza kutoa tamko maalumu kaunta kabla ya kukabidhi mzigo na kulipa nyongeza ikihitajika, ila dhahabu, fedha taslimu na kompyuta mpakato mimi sioni sababu ya kuzitenganisha na mkono wako. Barua ya madai iambatane na picha ya sili ikiwa nzima na picha ya sili ikiwa imekatika, namba zisomeke zote mbili.