Kitanda cha ghorofa kwa watoto: uzoefu wangu na seremala wa Kibuye, Kisumu

Kwa anayelea watoto katika nyumba ya kupanga ya vyumba viwili hapa Kisumu, kitanda cha ghorofa ni nafuu kubwa, ila ninashikilia kwamba kichaguliwe kwa kuanzia na chandarua na unene wa godoro, kisha ndipo rangi na mapambo yafuate. Chumba cha watoto wetu kina futi kumi kwa kumi. Vitanda viwili vya futi tatu kwa sita vingechukua futi 36 za mraba, na baada ya kuweka kabati la nguo pasingebaki mahali pa meza ya kusomea. Dabodeka, yaani kitanda hicho cha ghorofa, imechukua nusu ya eneo hilo, na meza imepata nafasi yake chini ya dirisha.

Tulianza kwa kutembelea maduka ya fanicha mjini, nami nilibeba futi kamba mkononi. Vitanda vingi vilivutia macho, lakini ukingo wa juu ulikuwa wa kubabaisha. Katika duka moja tuliomba godoro la inchi sita liwekwe kwenye kitanda cha juu, na lilipotandazwa, ukingo ulibaki umelizidi kwa upana wa vidole viwili tu. Muuzaji alituambia kwamba mtoto huzoea, jibu ambalo sikuweza kulikubali, kwa maana mtoto aliyelala hajui alipo. Viwango vya usalama vya Marekani vinataka ukingo uzidi godoro kwa inchi tano au zaidi, nafasi zilizo wazi kwenye ukingo zisipite inchi tatu na nusu ili mwili wa mtoto usipenye huku kichwa kikikwama, na mtoto aliye chini ya miaka sita asilazwe kabisa kwenye kitanda cha juu. Nilivichukua vipimo hivyo kama vilivyo nikampelekea seremala.

Seremala wetu yuko Kibuye, na kwa kazi yake ninampa sifa anazostahili. Kabla ya kukata ubao wowote alitaka kujua tutatumia godoro gani, dari iko juu kiasi gani, na mlango unafungukia upande upi. Tulikubaliana kwamba godoro la juu liwe la inchi nne, na ukingo uinuke inchi 12 kutoka kwenye chaga, hivyo mtoto ana kinga ya inchi nane pande zote mbili, hata upande wa ukutani, kwa sababu kitanda husogea kidogo kidogo na kuacha mwanya. Kati ya godoro la chini na chaga za juu kuna inchi 34, kwa hiyo kitinda mimba wetu huketi wima akavaa soksi bila kugonga kichwa. Vipago vya ngazi ni bapa na vipana, si vya mviringo, kwani nyayo za mtoto huumia upesi kwenye kipago chembamba, na mtoto anayeumia huruka badala ya kushuka.

Tulichagua mbao za saiprasi. Mkaratusi ungekuwa wa bei ya chini kidogo, lakini uliokuwapo ulikuwa bado mbichi, na ubao mbichi ukikauka hujikunja na viungo hulegea, jambo ambalo kwa kitanda cha ghorofa ni hatari tupu. Miguu na fremu zimeungwa kwa boliti na nati, hivyo siku ya kuhama kitanda kitafunguliwa vipande vipande na kupita mlangoni. Kwa yote hayo, pamoja na vanishi na usafiri lakini bila magodoro, tulilipa shilingi 24,000.

Sasa chandarua, ambacho wauzaji wengi hawakitaji kabisa ingawa tunaishi katika ukanda wa ziwa, ambako malaria haina msimu wa kupumzika. Chandarua cha mviringo kinachoning'inia kutoka darini hakiwezi kumfunika mtoto wa chini. Seremala alipigilia ndoano ndogo nne upande wa ndani wa fremu ya juu, na hapo tukafunga chandarua cha mstatili ambacho pindo zake huchomekwa chini ya godoro. Cha juu kimefungwa kwenye kulabu nne za darini, na sehemu ya kufungulia iko upande wa ngazi, ili kifungua mimba wetu akiamka usiku kwenda msalani asinaswe miguu. Feni tuliyonayo ni ya kusimama, nayo ni lazima iwe hivyo: kitanda cha juu hakiwekwi kamwe chini ya feni ya darini. Joto la mabati hukusanyika juu, kwa hiyo mchana tunaacha dirisha wazi, na kitanda tumekitenga na dirisha hilo.

Kuna mawili ambayo hayakuniridhisha. Droo za chini zilikuja na magurudumu madogo mno, yanayokwama kwenye sakafu ya saruji, na ilibidi tuzirudishe zikabadilishwe. La pili linahusu mbao kwa ujumla: viungo vyake ni maficho mazuri ya kunguni, kwa hiyo kila mwisho wa mwezi mume wangu hukaza boliti huku mimi nikikagua nyufa kwa tochi. Kitanda cha chuma kingepunguza kazi hiyo, lakini vile tulivyovijaribu vilipiga kelele kila mtoto alipogeuka, na unyevu wa huku huleta kutu mapema pale palipochomelewa.

Familia ambayo watoto wake wote hawajatimiza miaka sita ningeishauri isubiri. Seremala huyo huyo hutengeneza kitanda cha kawaida chenye kingine cha magurudumu kinachovutwa usiku na kurudishwa chini yake asubuhi, na kwa umri huo hicho ndicho kinachofaa.