Kruza ya mtu mzima: acha rangi, angalia goti

Meseji ninazopata kuhusu kruza, zile baiskeli za kuendesha kwa starehe ukiwa umekaa wima, zinafanana mno. Mtu mzima, pengine hajagusa baiskeli tangu amalize shule, ananunua baiskeli nzuri yenye siti pana na usukani mrefu unaorudi nyuma, wiki za mwanzo raha tupu, halafu goti linaanza kuuma kwa mbele, pale chini ya pia ya goti, na yeye anaamini ni umri umeingia. Baiskeli inafunikwa shuka inawekwa pembeni. Mi hilo nalikataa, mara nyingi kinachosumbua sio umri wala unene wala kukosa mazoezi, ni siti imekaa karibu mno na pedeli na aliyeuza hakufungua mdomo. Kwa hiyo leo naandika yote mahali pamoja ili nikiulizwa tena nitume hii tu.

Rangi, kikapu na kengele sitagusa, hayo unayaona mwenyewe. Nataka tukae kwenye kitu kimoja ambacho karibu hakuna anayekisema dukani: umbali kutoka siti mpaka pedeli.

Angalia ivi. Kwenye baiskeli nyingi ile ekseli inayobeba mikono ya pedeli iko kama sentimita 27 hadi 30 juu ya ardhi, na mkono wenyewe wa pedeli una urefu wa sentimita 17. Maana yake pedeli ikifika chini kabisa bado iko sentimita 10 hadi 13 juu ya ardhi. Sasa kama siti umeishusha mpaka ukikaa nyayo zote mbili zinalala chini vizuri, na pedeli iko chini yako moja kwa moja, basi kila unapokanyaga mguu wako umekosa zile sentimita 10 na ushee, hauwezi kunyooka hata ungetaka. Goti linabaki limekunjwa muda wote, linasukuma likiwa limekunjwa, linarudi limekunjwa. Ni sawa na kukaa kwenye kigoda kifupi ukainuka nusu, ukakaa, ukainuka nusu, maelfu ya mara, halafu ushangae kwa nini magoti yanalalamika.

Wanaopima mkao wa waendesha baiskeli wanataka goti likunjike kama nyuzi 25 hadi 35 tu pedeli ikiwa chini kabisa. Huhitaji kifaa cha kupima. Kaa kwenye siti, shika ukuta, weka KISIGINO (sio vidole) juu ya pedeli, zungusha nyuma taratibu mpaka pedeli iwe chini kabisa. Kama breki ya baiskeli hiyo ni ya kukanyaga nyuma (unaifunga kwa kurudisha pedeli nyuma), haitakubali kurudi, we izungushe mbele mtu akiwa ameinyanyua tairi la nyuma. Mguu unatakiwa unyooke bila kiuno kuyumba upande. Ukiona goti bado limepinda kwa kisigino, hiyo siti iko chini mno, na ukihamia kwenye kukanyaga kwa sehemu ya mbele ya unyayo goti litapinda zaidi.

Haya, siti ukiipandisha kwenye baiskeli ya kawaida goti linafurahi ila miguu haifiki tena chini, unasimama kwa ncha za vidole, na mtu mzima ambaye ndo anarudi kwenye baiskeli hicho ndo anachokiogopa kuliko vyote. Anaishusha tena. Unaona mtego ulipo? Kufika chini na kunyoosha mguu, unachagua kimoja.

Na hapa ndo nasema wazi kabisa brandi ninayoipenda, sifichi: Electra. Ni kampuni iliyoanzishwa 1993 kule California na Wajerumani wawili, Benno Baenziger na Jeano Erforth, na tangu 2014 iko chini ya Trek, kampuni kubwa ya baiskeli ya Marekani. Walichofanya ni kuzisogeza pedeli mbele na kulaza ile nguzo ya fremu inayobeba siti, hivyo unakanyaga mbele kidogo badala ya kukanyaga chini moja kwa moja. Mguu unapata urefu wake kwa kwenda mbele, na ukisimama unyayo unalala chini wote huku bado umekaa kwenye siti. Hakuna umeme hapo wala springi za ajabu, ni fremu tu imechorwa na mtu aliyemfikiria anayekalia. Wapo wengine wanaotengeneza fremu za namna hii pia, na ukipata ya kampuni nyingine ikapita kipimo cha kisigino NA nyayo zikalala chini, nunua kwa amani.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu.

Namba moja: Electra Townie, na ukiweza chukua yenye gia za ndani ya habu ya nyuma (kile kitovu cha katikati ya tairi). Gia tatu zinatosha kwa njia tambarare, saba kama kuna vilima. Gia za ndani hazipati matope, hazining'inii nje zikapinda baiskeli ikianguka, na unaweza kubadilisha ukiwa umesimama, hii ya mwisho watu hawaijui thamani yake mpaka wasimame kwenye makutano wakiwa na gia nzito. Ile ya gia saba za nje ni nafuu na ni nzuri pia, fundi yeyote anaijua. Chukua fremu ya kupitisha mguu katikati hata kama we ni mwanaume, mtu mwenye nyonga ngumu au aliyebeba mzigo kwenye keria ya nyuma hana sababu ya kurusha mguu juu ya bomba. Ubaya wake upo: kwa kuwa umekaa nyuma na pedeli ziko mbele, huwezi kusimama ukakanyaga kwa uzito wa mwili kwenye mlima. Mlima mkali unashuka unasukuma. Mi naona ni bei ndogo ya kulipa.

Namba mbili: baiskeli za Kiholanzi za kukaa wima, Gazelle au Batavus na ndugu zao. Najua sio kruza kwa jina, ila mtu anayetaka starehe ya kukaa mgongo umenyooka na kuangalia mbele anaipata humu, tena zinakuja na vitu ambavyo kwingine unauziwa kimoja kimoja: madigadi, taa, keria, kifuniko cha cheni, kufuli ya tairi la nyuma. Nguo haishikwi na cheni. Zina uzito, nyingi zinakaribia kilo 20 na nyingine zinapita, kwa hiyo kama unaishi ghorofani bila lifti usijidanganye. Na nyayo hazilali chini, hapa itabidi ujifunze kushuka mbele ya siti kila unaposimama, ukizoea ni jambo dogo.

Namba tatu: kruza ya asili, tairi nene, gia moja, breki ya kukanyaga nyuma. Hii ndo mama yao wote. Kampuni ya baiskeli ya Schwinn ilileta tairi za inchi 2.125 mwaka 1933 Marekani, wakati biashara ya baiskeli imeporomoka, na umbo lile la fremu iliyopinda ndo bado linauzwa leo. Ni nzuri kwa macho na haina vitu vya kuharibika, lakini hapa ndo yale magoti yanatoka kwa wingi, maana nyingi zinatolewa na bomba la siti fupi. Bomba lina alama ya mwisho wa kulipandisha, mstari mdogo umechongwa, ukiuona umetokeza nje ya fremu usiikalie hiyo baiskeli, bomba linaweza kukatika au kupasua fremu. Mtu mrefu atafika kwenye alama kabla goti halijanyooka. Dawa yake ni rahisi, nunua bomba refu, ila pima unene kwanza, nyingi ni milimita 25.4 na nyingine 27.2 na hazibadilishani, tofauti isiyofika milimita mbili inatosha kukurudisha dukani.

Halafu breki. Kama kuna mteremko unakopita, breki ya kukanyaga nyuma peke yake haitoshi. Vijana wa Marin County California miaka ya 70 walikuwa wanashuka mlima na kruza za zamani, breki ikipata moto mpaka grisi ya ndani inaungua inatoka moshi, wakifika chini lazima wapake grisi upya, ndo maana mashindano yao ya 1976 yakaitwa Repack, yaani kujaza grisi upya. We hauendi kushindana ila fizikia ni ileile. Na cheni ikidondoka kwenye baiskeli ya namna hiyo breki imeondoka nayo. Dai breki ya mkono ya mbele, kama haina waambie wafunge.

Za bei ya chini kabisa sina mengi. Chuma kinashika kutu, pedeli za plastiki zinapasuka, siti ni sponji inayobonyea mpaka unakalia bati. Ukiwa na hela hiyo tu, tafuta iliyotumika ya kampuni nzuri.

Sasa wauzaji. Mimi hili linaniuma. Ukiingia dukani kitu cha kwanza anachofanya muuzaji ni kushusha siti, anaishusha chini kabisa ili ukikaa ujisikie salama, unatabasamu, unalipa. Ule usalama wa dakika mbili ndo anaoutumia kuuza. Hakuna anayekwambia ukifika nyumbani ipandishe. Ukiuliza saizi unaambiwa "hii ni inchi 26, inamfaa mtu mzima yeyote", wakati inchi 26 ni tairi, sio wewe! Mtu wa sentimita 150 na mtu wa 185 wote wanauziwa tairi lilelile na fremu ileile. Ukiomba kuzunguka nayo kidogo nje, hapana, itachafuka. Kitu ambacho utakikalia miaka, huruhusiwi kukijaribu dakika tano.

Na wanaouza kwa picha mtandaoni ndo balaa zaidi, picha ina kikapu, keria na madigadi, boksi likifika limebeba fremu na matairi tu, unarudi kusoma maandishi madogo chini unakuta "vifaa vinauzwa kando". Ukijumlisha hivyo vifaa kando unakuta umefika bei ya ile nzuri uliyoikimbia. Nimeona pia kruza dukani, imewekwa mbele kabisa ya dirisha, foki (ule uma unaoshika tairi la mbele) imefungwa kinyume, breki ya mbele inaangalia nyuma na tairi linakaribia kugusa fremu, na ina bei juu. Kabla ya kulipa simama ubavuni mwa baiskeli uangalie miguu ya foki, kwa chini inatakiwa ipinde kwenda MBELE, mbali na wewe utakapokuwa umekaa. Kama imepinda kuelekea pedeli, aliyeifunga hajui anachofanya na sijui kafunga nini kingine vibaya.

Siti pana ni nzuri kwa mkao huu kwa sababu ukikaa wima uzito wote unatua kwenye ile mifupa miwili ya makalio, tofauti na baiskeli ya mbio ambayo mikono inabeba sehemu. Ila pana haimaanishi laini. Laini sana unazama, nyama inabanwa, baada ya nusu saa ganzi. Ibonyeze kwa kidole gumba, inatakiwa irudishe. Springi chini yake muhimu, maana uti wa mgongo uliosimama unapokea kila shimo moja kwa moja. Usukani nao ukate kona mpaka mwisho kulia na kushoto ukiwa umekaa, ncha zisigonge goti.

Kuhusu kuifurahia, kitu kimoja kinabadilisha safari yote nacho ni upepo wa tairi. Watu wanajaza mpaka linakuwa gumu kama jiwe kisha wanalalamika barabara mbaya. Soma ubavuni mwa tairi, nyingi za 2.125 zimeandikwa 40 hadi 65 psi (kipimo cha nguvu ya upepo ndani ya tairi), anza karibu na ile namba ya chini kama we ni mwepesi, ongeza kidogokidogo kama ni mzito au umebeba mzigo. Lile tairi nene ndo shokapu yako, liache lifanye kazi. Na nenda taratibu, kilomita 12 hadi 16 kwa saa ndo mwendo wa hii baiskeli, upepo ukija wa mbele utakushika kifua kizima kwa vile umekaa wima, teremsha gia usipigane nao.

Siti usiipandishe yote siku moja kama umezoea chini. Pandisha sentimita moja, endesha siku kadhaa, pandisha nyingine, mpaka kisigino kipite kile kipimo. Kiuno kikianza kuyumba umepitiliza, rudisha kidogo.

Baada ya wiki mbili za mwanzo kaza nati zote, hasa za mikono ya pedeli, maana baiskeli mpya hulegea ikianza kutumika. Ukija kubadilisha zile pedeli za plastiki kumbuka ya kushoto ina nyuzi za kinyume, inakazwa kwa kuzungusha kushoto na kufunguliwa kwa kuzungusha kulia, mafundi wa haraka wanailazimisha wanakula nyuzi za mkono mzima. Simama hapohapo wakati anafunga.