Mzee wa kujalidi vitabu, Mji wa Kale: amenishonea Langston wangu

Nilikuwa karani wa mawakili hapa Mombasa miaka 22. Tangu nistaafu nasoma maisha ya wanasheria, na aliyenikaa moyoni ni John Mercer Langston, wakili mweusi wa Marekani wa karne ya 19. Kitabu alichojiandikia kilitoka 1894, kina kurasa zaidi ya 500, na mtandaoni kinapatikana bure. Duka la kwanza, ambalo silitaji, lilinichapishia likakibandika kwa gundi tupu. Masika hayakuisha: kwenye feri ya Likoni mgongo ukaachia, kurasa za Haiti zikatawanyika miguuni mwa watu.

Jirani akanielekeza kwa mzee mmoja, kichochoroni nyuma ya Ndia Kuu. Alikipindua kitabu mara moja tu. "Mama, gundi peke yake haiwezi joto la huku. Hiki kishonwe."

Akachapa upya kwenye karatasi kubwa, akazikunja vitita vya karatasi nne nne, akavishona kimoja kimoja kwa uzi uliopakwa nta, kisha gundi, kisha jalada gumu la kitambaa cha kijani. Shilingi 2,400. Kwa mstaafu si kidogo, lakini sasa kinalala wazi mezani bila kushikiliwa na naandika pambizoni nipendavyo.

Na kitita cha mwisho, chenye hukumu ya kesi yake ya mshahara, ndicho ninachokifungua zaidi. Langston alizaliwa Virginia 1829, mama yake akiwa mtumwa aliyeachwa huru, baba yake mzungu mwenye shamba. Hakutimiza miaka mitano wote wawili walikufa. Vyuo vya sheria vilimkataa kwa rangi yake. Akasomea kwa wakili mmoja huko Ohio, akaapishwa 1854. Mwaka 1877 Rais Hayes akampeleka Haiti kuiwakilisha Marekani, akakaa huko hadi 1885. Sheria ilisema mshahara wake ni dola 7,500 kwa mwaka. Baadaye Bunge likawa linatenga 5,000 tu. Aliporudi akaishtaki serikali aliyoitumikia, na 1886 Mahakama ya Juu ikampa haki: kutenga pesa pungufu hakufuti sheria iliyopanga mshahara. Mimi nimechapa madai ya mishahara mpaka vidole vikafa ganzi, na hukumu hiyo niliisoma nimesimama. Nilimpelekea mzee nakala yake, akaishona pamoja na kitabu kana kwamba ilizaliwa nacho.

Kasoro zipo. Aliniahidi Jumanne, nikakipata Jumamosi. Herufi za dhahabu mgongoni zilisomeka "Langstone". Nilipomwonyesha alizikwangua akaandika upya palepale, hakudai kitu.

Ukienda, beba faili lako kwenye flashi na umwambie mapema unataka kushonewa, maana kazi za gundi huzipokea pia. Hufunga kwa swala ya adhuhuri, hufungua tena saa nane.