Kutu wameitoa, mlango wameuharibu

Mlango wa kulia wa gari langu, Volkswagen Beetle, haufungi. Nilipoipeleka gereji ulikuwa unafunga kwa kusukuma kwa kidole, unasikia mlio mmoja, basi. Gari lilikuwa limeoza, sikatai, ndiyo maana nililipeleka. Sasa kutu imeondoka, lakini mlango unagonga nguzo ya nyuma upande wa juu hadi rangi imebanduka, na chini kumebaki mwanya unaopitisha kidole gumba. Hiyo ndiyo kazi niliyoilipia.

Beetle ina sehemu zake za kuoza. Kwanza sakafu chini ya kiti cha nyuma upande wa kulia, kwa sababu betri inakaa hapo na tindikali yake imekuwa ikidondoka miaka nenda rudi. Halafu lile boksi la chini ya mlango, kila upande, linalopitisha hewa ya moto kutoka kwenye injini kuja mbele. Maji yakiingia humo yanakaa, bati linaliwa kuanzia ndani, na ukishaona tundu kwa nje ujue ndani hakuna kitu tena. Lakini boksi lile si njia ya joto tu. Ndilo linaloishika bodi kati ya nguzo ya mbele na nguzo ya nyuma ya mlango. Ukilikata bila kuifunga bodi kwanza, nguzo zinasogea, na ukichomelea bati jipya zikiwa zimesogea, umeshaukaza upinde huo ubaki pale pale. Si siri ya mtu hii. Gari lenyewe limetengenezwa zaidi ya milioni 21, la mwisho likatoka kiwandani Mexico mwaka 2003. Fundi anayejinadi kuwa magari haya ndiyo kazi yake anajua kwamba kabla grenda haijagusa bati unachomelea bomba la chuma kukatiza uwazi wa mlango, unaegemeza bodi sawasawa chini, na unamaliza upande mmoja kabisa ndipo uende wa pili.

Na nililisema. Nilisimama na fundi mkuu kando ya gari nikamwonyesha kwa mkono bomba lipite wapi. Nikapima uwazi wa mlango kona kwa kona kwa futi ya chuma, vipimo nikaviandika kwa chaki kwenye kioo cha mbele ili kila atakayeligusa gari avione. Akanijibu, "Dada, hiyo kazi yetu ya kila siku, wewe usiwe na wasiwasi."

Kuna jambo moja lazima niwatendee haki. Madigadi yote manne waliyatoa vizuri mno, na aliyeyatoa ni kijana mmoja mwanafunzi. Bolti za madigadi ya Beetle zinaingia kwenye nati zilizonaswa ndani ya bodi. Ukilazimisha, ama bolti inakatika ama nati inazunguka, na hapo ndipo watu huchukua grenda na kubomoa. Yule kijana alizipaka mafuta ya kulegeza kutu akaziacha zilale. Kesho yake akaanza kwa kukaza kidogo, ndipo akalegeza, akakaza tena, akalegeza. Iliyogoma aliipasha moto wa gesi, akasubiri, akajaribu upya. Nilikuwepo, niliona kwa macho yangu.

Hata kwenye sakafu ya betri alinifurahisha. Zile spoti za kiwandani, vidoa vya duara vinavyoshikanisha bati na bati, alizitafuta moja moja kwa brashi ya waya, akapiga alama katikati ya kila kidoa, akatoboa kwa drili bati la juu peke yake. Mkono ulikuwa unasikiliza: drili ikianza kubadilisha mlio anaacha, bati la chini linabaki zima. Kisha akapenyeza tindo nyembamba, bati bovu likafunguka kama bahasha. "Mama, hili la chini bado zima kabisa, tusiliguse," akaniambia, na kweli lilikuwa zima. Siku ile niliondoka nimefurahi. Kama ningeandika jioni ile ningewasifu bila kubakiza neno.

Boksi la chini ya mlango hawakumpa yeye. Alilishika fundi mkuu mwenyewe, siku ambazo sikuwepo.

Niliporudi kazi ilikuwa imekwisha. Gari limeinuliwa kwa jeki mbele kabisa na nyuma kabisa, katikati hakuna kilichoishika, boksi jipya limeshachomelewa. Nikazitazama nguzo za mlango. Bomba likichomelewa halafu likakatwa, linaacha kovu la moto hata ukilisugua kwa msasa. Nguzo zangu zilikuwa na rangi yake ileile ya zamani juu hadi chini, bila doa la moto. Nikapima kona kwa kona. Chaki yangu ilikuwa bado kwenye kioo, na kipimo kipya kilipungua karibu sentimita nzima.

Nilimwita. Hakuitazama ile futi. Alisema, "Hii gari ya zamani, haiwezi kukaa kama mpya." Nikamwambia mlango ulikuwa unafunga nilipoileta. Akasema atachonga ukingo wa mlango kwa grenda, mwanya wa chini ataujaza puti, ule uji mzito wa kuziba unaoganda, nikishapiga rangi sitaona kitu. Puti! Nimepeleka gari litolewe bati bovu, na tulipolibandua tulikuta puti nene ya fundi wa zamani iliyoficha kutu huko chini, kisha mimi nilipe tena niwekewe puti. Nikakataa. Ndipo akawageukia wenzake, akaniambia kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Mambo ya bati huyaelewi, mwambie mumeo aje tuongee."

Mume wangu hajui hata spana ya kumi na tatu inakaa wapi. Gari ni langu, vipimo niliandika mimi, pesa nilitoa mimi.

Sasa boksi jipya lote inabidi likatwe tena. Bomba lichomelewe, bodi iinuliwe taratibu kwa jeki hadi kipimo cha chaki kirudi, ndipo lichomelewe upya, na huku bati linazidi kupungua kila unapokata. Nimeomba wairudie kwa gharama yao. Jibu likawa nilete hela nyingine.

Nilikusudia kuandika kwamba mwenye kazi ya madigadi na sakafu tu anaweza kuwapelekea, kwa ajili ya yule kijana. Nimeandika nikasoma, nimelifuta. Kijana hana sauti pale, na gari lako likishaingia humo ndani huchagui nani atalishika. Msiwapelekee hata kikombe cha taa. Na wewe kijana, ikitokea umefungua gereji yako au umehamia kwingine, niambie ulipo, nikuletee huu mlango.